Kazi ya Machimbo na Maji ya Mto: Tukae Pamoja Tusikilizane

Maneno tuliyoyasema mbele ya familia za wahamishwa, wenyeji na viongozi wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema



Tunawashukuru kwa kuacha kazi na kuja kukaa nasi. Tunajua kwamba kwa wengi wenu siku ya mkutano ni siku bila kokoto, na siku bila kokoto ni siku ambayo chungu hakipandi motoni. Kwa hiyo hatutawachelewesha kwa maneno matamu. Tumekuja kusema juu ya jambo moja ambalo limeanza kutugawanya katika vijiji vingi: machimbo, au kariere kama tunavyozoea kuita.

Upande wa mji wa Kasongo, mtu akisema anakwenda kariere, mara nyingi anakwenda kupasua mawe, kuchota mchanga au kuchimba udongo wa matofali. Upande wa Kabambare, hasa Salamabila na Namoya, neno hilo hilo maana yake ni dhahabu. Lakini popote tulipopita tumesikia maneno mawili yale yale. Wengine wanasema: "Machimbo yanatulisha." Wengine wanasema: "Machimbo yanatuua." Tumewasikiliza wote, na tunaona wote wana haki. Ugumu wetu ni huo.

Namna tulivyofika hapa

Hakuna asiyejua historia yetu. Vita vya 1996, kisha vile vilivyoanza 1998 hadi 2003, vilituondoa mashambani na kutupeleka porini. Barabara zilifungwa, njia ya reli ikalala, mchele wetu ukakosa wa kuununua. Baadaye vikundi vya silaha havikuisha Kabambare. Wengine walivuka kutoka Tanganyika baada ya mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliyozidi mwaka 2016 na 2017. Mtu anayefika usiku na watoto wanne na sufuria moja hana shamba. Hana mbegu. Hata akipewa kipande cha ardhi, muhogo utamngojesha mwaka mzima au zaidi. Lakini jiwe halingojeshi. Ukilipasua asubuhi, jioni kuna mtu wa kununua ndoo.

Ndiyo sababu wahamishwa wengi wako machimboni. Si kwa kupenda. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahamishwa walikosa jembe, wakashika nyundo.

Na hiyo ni haki yao. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wahamishwa wa ndani, zilizotolewa mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 22 kwamba mhamishwa ana haki ya kutafuta kazi kwa uhuru na kushiriki katika shughuli za uchumi, bila kubaguliwa kwa sababu amehama. Mtu asimwambie mwenzake: "Wewe si wa hapa, weka nyundo chini."

Lakini mwenyeji naye ana haki yake. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi yanayomwezesha kukua vizuri. Mama anayeloweka muhogo mtoni, akautoa umejaa matope, amenyang'anywa kitu. Mzee ambaye kiziwa chake cha samaki kimejaa mchanga amenyang'anywa kitu. Mtu asiwaambie: "Nyamazeni, watu wanatafuta chakula."

Kijiji kimoja, mto mmoja

Tuwape habari ya kijiji kimoja tulichoitwa, kwenye kijito kinachoteremka kuelekea Luama. Hatutataja jina lake, maana watu wake wamekwisha patana na hatutaki kuwarudisha nyuma.

Wenyeji walikuwa wamekasirika. Maji yalikuwa mekundu tangu mwanzo wa mvua, na watoto walikuwa wakiharisha. Kilima kilichokuwa na miti kilikuwa kimekatwa vipande kama mkate. Ng'ambo ya kijito, mtoto alikuwa ametumbukia katika shimo la zamani lililojaa maji, akaokolewa kwa bahati. Vijana wa kijiji walisema wahamishwa wote waondoke machimboni kabla ya Jumapili. Wahamishwa nao walisema: "Mkitufukuza huko, tutaiba mashambani mwenu. Hatusemi kwa kiburi, tunasema kwa sababu watoto watalia." Mapanga yalikuwa yamekwisha nolewa. Hatusemi hivyo kwa kutia chumvi.

Na hapa inatupasa kukiri kosa letu. Siku ya kwanza tulikaa na viongozi tu: chefu, wazee, wakubwa wa kamati ya wahamishwa, wote wanaume. Tukapendekeza machimbo yafungwe miezi ya mvua nyingi, yafunguliwe wakati wa kiangazi. Kila mtu akakubali, tukapeana mikono, tukaona tumeleta amani. Kesho yake akina mama wa kupasua mawe wakaja kutungojea mlangoni. Mmoja wao, mjane, alituuliza: "Katika miezi hiyo ninyi mtakuwa mnakula wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekata shauri juu ya chakula cha watu ambao hatukuwauliza.

Tukaanza tena. Safari hii hatukukaa chini ya mti. Tulitembea. Wenyeji na wahamishwa, wanaume na wanawake, tukafuata kijito kuanzia chemchemi yake juu hadi pale kinapopita chini ya kijiji. Tulikwenda nusu siku. Na kwa macho yetu tuliona mambo matatu ambayo hakuna aliyeyasema mkutanoni.

La kwanza, mashimo hayakuwa ya wahamishwa peke yao. Mengine yalichimbwa na vijana wa kijiji wenyewe, na mengine ni ya zamani, kabla mhamishwa yeyote hajafika.

La pili, kila chimbo lilikuwa na mwenye ardhi, na mwenye ardhi alikuwa akipokea fungu lake katika kila ndoo. Baadhi ya waliokuwa wakipiga kelele zaidi mkutanoni, fungu lilikuwa likiingia nyumbani kwao. Palikuwa na kimya kikubwa tulipofika pale. Mzee mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, na hasira ikapungua kidogo.

La tatu, matope mengi hayakutoka katika machimbo yote. Yalitoka katika machimbo mawili tu, yaliyokuwa ukingoni kabisa mwa maji, juu ya mahali ambapo watu walichota ya kunywa. Machimbo mengine, yaliyokuwa upande wa pili wa kilima, hayakuchafua kitu. Kama tungefunga yote, tungewanyima watu wote chakula kwa sababu ya kosa la mashimo mawili.

Mambo waliyopatana

Baada ya siku tatu za mazungumzo, wenyewe walipatana. Tunayataja hapa kwa sababu yanaweza kuwasaidia wengine, kila kijiji kikiyapima kwa hali yake.

Kwanza, machimbo mawili ya ukingoni yalifungwa. Waliokuwa wakifanya kazi pale walipewa nafasi upande wa pili wa kilima, kabla ya kufunga na si baada ya kufunga. Jambo hili ndilo lililoleta amani. Ukimwambia mtu toka, mwonyeshe pa kwenda.

Pili, mto uligawanywa. Juu ni maji ya kunywa, katikati ni kuloweka muhogo na kufua, chini kabisa ni kuosha mchanga. Hakuna wa kuosha mchanga juu ya mahali pa kuchota.

Tatu, maji ya kuoshea hayarudishwi mtoni moja kwa moja. Yanapita kwanza katika shimo la kutulia. Matope yanakaa chini, maji yanayotoka juu yana afadhali. Shimo likijaa linazolewa, na udongo wake hautupwi ukingoni.

Nne, kuchimba kunaanza juu na kushuka kwa ngazi. Kuchimba chini ya kilima na kuacha udongo ukining'inia kichwani ndiko kunakofukia watu, hasa baada ya mvua. Siku ya mvua kubwa hakuna kuingia, na asubuhi yake mtu mmoja aliyechaguliwa anakagua nyufa kwanza. Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Walisema juu ya mtu mwovu, lakini machimboni hata mtu mwema anafukiwa.

Tano, udongo mweusi wa juu hautupwi. Unawekwa kando. Shimo likiisha linajazwa mawe mabovu na udongo mwekundu chini, mweusi juu, kisha panapandwa nyasi za mizizi mirefu, mianzi au miti ya matunda. Ukiuchanganya udongo mweusi na mwekundu, mahali pale patapoteza rutuba yake.

Sita, fungu la mwenye ardhi lilipunguzwa kidogo, na lile lililopunguzwa likawekwa katika kisanduku cha kufukia mashimo. Kisanduku kina funguo mbili: moja kwa mama wa wenyeji, moja kwa mama wa wahamishwa. Wanaume walinung'unika, lakini wakakubali.

Je, kila kitu kilitengenea? Hapana. Mashimo ya zamani, yasiyo na mwenyewe, bado yapo, na yanaleta mbu na hatari kwa watoto. Kijiji kimeyazungushia fito na miiba, ni hivyo tu. Mara mbili watu walikamatwa usiku wakichimba ukingoni, mmoja mwenyeji, mmoja mhamishwa. Walitozwa sawasawa: siku tatu za kufukia mashimo. Watu walitazama sana kama adhabu itakuwa moja. Ilikuwa moja. Tangu siku ile tulianza kuamini kwamba mapatano yatadumu.

Juu ya dhahabu

Ndugu zetu wa Kabambare watasema: "Hayo ni ya kokoto. Sisi kwetu ni dhahabu, na dhahabu ina mambo mengine." Ni kweli.

Jambo la kwanza ni zebaki, ile inayong'aa kama fedha na kukimbia kama maji. Inashika vumbi la dhahabu, kisha mtu anaichoma, zebaki inapanda hewani, dhahabu inabaki. Moshi wake hauonekani vizuri wala haunuki sana, ndiyo maana watu hawauogopi. Lakini unaingia mapafuni, unashuka juu ya paa na juu ya maji. Ile inayomwagwa mtoni inageuka na kuingia katika samaki, na samaki wanaingia katika sisi. Inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo tunawaomba: kamwe isichomwe ndani ya nyumba wala katika sufuria ya chakula. Kamwe isimwagwe mtoni. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asiishike. Wapo mafundi wanaoweza kutengeneza chombo kilichofungwa, chenye bomba, kinachoirudisha zebaki ikiwa maji ili itumike tena. Kinalinda pumzi na kinaokoa pesa. Na iliyo bora kuliko yote ni kuosha vizuri zaidi ili zebaki isihitajiwe.

Jambo la pili ni watoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 haimruhusu mtoto kufanya kazi ya namna hii. Tunajua mama anayetwanga mawe hana pa kumwacha mtoto. Basi kazi ya kamati ni kutafuta kivuli na mama mmoja wa kuwaangalia, naye alipwe na wenzake. Kumfukuza mtoto kando ya shimo bila kumwonyesha mahali pengine ni kumfukuza aende shimo jingine.

Jambo la tatu ni kampuni. Watu wa Salamabila wanakumbuka. Mgodi wa Namoya, uliokuwa wa kampuni ya Banro, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na mwaka 2019 kazi zikasimama kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Katika miaka ile wengine walipata mshahara, wengine walipoteza mahali walipokuwa wakichimba kwa mikono. Hatukuja kuhukumu. Tunasema tu kwamba mahali ambapo watu hawakusikilizana mapema juu ya nani atafanya kazi wapi, bunduki hupata mlango wa kuingilia. Na bunduki ikiingia, mchimbaji wa mikono anapoteza, mfanyakazi wa kampuni anapoteza, na familia zinafunga mizigo tena.

Viongozi, ijueni sheria

Viongozi wetu, tunawaambia kwa heshima. Kodi ya Mine ya mwaka 2002, yaani sheria kuu ya migodi, ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018, na ina mambo yanayowahusu watu wenu.

Mchimbaji wa mikono awe Mkongomani mtu mzima, awe na kadi, na awe ndani ya ushirika uliokubaliwa. Mhamishwa kutoka Fizi au Nyunzu ni Mkongomani kama wewe. Msiunde ushirika wa wenyeji peke yao, kwa maana mtakuwa mmeandika ugomvi katika karatasi.

Kampuni yenye haki ya kuchimba madini inapaswa kukubaliana na jamii zinazoguswa na kazi yake juu ya daftari la majukumu: barabara, shule, maji, afya. Inapaswa pia kuweka angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya jamii hizo. Na katika ushuru wa madini, asilimia 15 ni ya sekta, sheferi au komini ambamo kazi inafanyika. Ulizeni fedha hizo. Ulizeni kwa utulivu, kwa barua, mkiwa wengi. Kisha zikifika, zisomwe mbele ya watu. Fedha isiyosomwa hadharani inaleta uvumi, na uvumi umekwisha choma nyumba nyingi katika nchi hii.

Tena, kabla ya kazi kubwa kuanza, sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka uchunguzi ufanywe juu ya madhara yake kwa watu na kwa mazingira. Ombeni mwelezwe kwa Kiswahili. Karatasi ya Kifaransa iliyofungwa katika kabati ya Kindu haiwalindi watu wa Wamaza wala wa Salamabila.

Neno kwa wahamishwa, neno kwa wenyeji

Ndugu zetu wahamishwa, kuna neno tumelisikia mara nyingi: "Ardhi hii si yetu, siku moja tutarudi kwetu." Tunaielewa hamu hiyo, na wengi wetu katika timu hii tumeibeba wenyewe. Lakini fikirini: kule kwenu nako kuna wahamishwa wengine, wamekaa katika nyumba zenu, wanachota katika mto wenu. Mngependa muukute mto ule namna gani?

Na ninyi wenyeji wetu, mliowapokea watu wakati mashirika hayajafika, mkawapa kibanda na sombe: tunajua mmechoka. Mzigo huu ni mkubwa kuliko kijiji. Lakini msifanye kila chafu kuwa la mgeni. Tembeeni mto wenu kwanza. Anzeni juu, shukeni nao mpaka chini, mkiwa pamoja nao.

Tunawaomba kabla ya kuondoka leo kila kijiji kichague watu sita: wenyeji watatu na wahamishwa watatu, na nusu yao wawe wanawake. Kazi yao ya kwanza ni ndogo. Watembee kijito kimoja, wahesabu mashimo, waandike lipi ni la nani na lipi halina mwenyewe. Mkutano ujao tutaanza na karatasi hizo. Na yule mama aliyetuuliza tutakuwa tunakula wapi, tumemwomba aje akae mbele, ili tusisahau tena kumuuliza kabla ya kukata shauri.

Mungu alinde Kasongo, alinde Kabambare, na awarudishe salama wote walio mbali na kwao.